Shosti, usilie tena kwa ajili ya lugha

Bwana asifiwe shosti,

Ile voisi yako ya jana nimeisikiliza, ila sikuimaliza, pale mwishoni ulipoanza kulia nikazima. Kwahiyo mkesha mzima wamekuweka mbele, wamekushika kichwa, unaambiwa sema haleluya haleluya harakaharaka mpaka ulimi ujikunje, saa tisa usiku wenzako wote wamepokea kunena kwa lugha we umebaki peke yako, alafu mtu anakwambia kachunguze moyo wako labda kuna dhambi umeificha. Yani hapo ndo nimekasirika kabisa.

We unajua mi nanena kwa lugha, yani naomba kwa maneno ambayo hata mwenyewe siyajui. Nalisema mapema usije ukanipanga na wale wanaosema hivo vitu viliisha na mitume. Mimi ilinikuta jikoni naosha vyombo, mama yuko wodini, namuombea, maneno ya kiswahili yakaniishia nikashangaa mdomo unaendelea wenyewe. Hamna moto wala kuanguka, sabuni bado iko mkononi. (Sauti zangu kumbe karibu zote zinaishia na a na i kama kiswahili tu, siku nimegundua nikacheka, alafu nikaja kujua kuna mtaalam wa lugha, William Samarin, alishaandika kwamba sauti za mnenaji zinatoka kwenye lugha anazozijua tayari. Hainisumbui. Mtoto akilia naye hasemi lugha yoyote na mama yake anaelewa.)

Sasa ukiniuliza kazi yake nini, kwangu ni hiyo, kuomba pale maneno yamekata. Paulo kwenye 1 Wakorintho 14 anasema anenaye kwa lugha hasemi na watu, anasema na Mungu, na anajijenga nafsi yake. Sio vibaya, hata kula unajilia mwenyewe. Ila soma kidogo mbele, anashukuru kwamba ananena kuliko wao wote, na hapohapo anasema kanisani heri maneno matano ya kueleweka kuliko elfu kumi kwa lugha. Alafu anaweka utaratibu: wawili, wakizidi watatu, zamu kwa zamu, mmoja afasiri, na kama mfasiri hayupo basi mtu anyamaze aongee na Mungu wake. Huko kwenu wananena watu wote kwa mpigo na maiki juu! Huo mstari wanaurukaga sijui kwanini.

Na hiyo ya kwamba asiyenena hana Roho, kwenye barua hiyohiyo, mlango wa 12 mwishoni, Paulo anauliza je wote wanena kwa lugha, na kwa kigiriki swali lenyewe limekaa kwa namna inayosubiri jibu la hapana. Najua watakujibu na kitabu cha Matendo ya Mitume, siku ya Pentekoste, nyumbani kwa Kornelio yule askari wa Kirumi, wale kama kumi na wawili wa Efeso. Sawa, walinena kweli sibishi. Lakini angalia kwa Kornelio ilikua ya nini. Petro kaenda na wayahudi wenzake, hawategemei kabisa mtu wa mataifa, asiye myahudi, apewe Roho, ghafla wanawasikia wananena, wanabaki wanashangaa, Petro anasema nani tena atawazuia hawa wasibatizwe. Yani lugha zilikuja kumuingiza ndani mtu waliyemuona wa nje. Huko kwenu zimegeuzwa za kumtoa nje mtu ambaye alishaingia.

Alafu kuna mtu namfikiriaga sana, William Seymour, yule mweusi aliyeongoza uamsho wa Azusa Street kule Los Angeles 1906, wazazi wake walikua watumwa. Fundisho la lugha kua ndo ushahidi wa kujazwa Roho alilipata kwa Charles Parham, mhubiri mzungu, huko Houston, na kwasababu za rangi hakuruhusiwa kukaa na wazungu darasani, alikua anakaa nje anasikilizia mlangoni. Baadae Parham huyohuyo akaja Azusa, akaona weusi na weupe wanaabudu pamoja akachukizwa akawasema vibaya. Mtu ananena kwa lugha huyo! Seymour alikuja kubadilika, akawa hakubali tena kwamba lugha peke yake zinatosha kua ushahidi, akawa anataka kuona upendo. Namuelewa kabisa, ye alikaa nje ya ule mlango.

Basi jumatano usiende kwenye hilo darasa lao la kupokea. Pitia kwangu ukitoka kazini, ntapika maharage ya nazi, tutaomba hukuhuku kwa kiswahili. Ile sala uliyoomba siku tunamzika mama, shangazi mpaka leo ananiuliza yule rafiki yako aliyeomba yupo wapi.

Nakusubiri. Uje na ndimu, hapa zimeisha.