Mwamba wa barabarani, baruti hakuna
Jamani habari za asubuhi, jana nimeongea na fundi wa barabara kasema kuvunja ule mwamba baruti haipigwi maana nyumba zipo karibu mno, wataanza na ekskaveta yenye nyundo, ikishindwa wanatoboa matundu kwenye mwamba wanamimina unga maalumu wa chokaa uliokorogwa na maji, sisi watu wa Tanga chokaa tunaijua, huu unavimba polepole mpaka jiwe linapasuka lenyewe kama siku moja hivi, hakuna mawe kuruka. Ila watoto jamani!! Ule unga ukipata joto sana unaweza kufyatuka ghafla tunduni na unaunguza macho, asichungulie mtu. Kelele za nyundo zitakuwepo, na vumbi. Leo hii pigeni picha nyufa za kuta zenu kabla hawajaanza, zijulikane zipi zilikuwepo, mimi zangu nishapiga.