Kipimo cha malaria kikikosa vimelea, mgonjwa asirudishwe nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ugonjwa ambao huku kwetu Kigoma tunauita upesi "malaria iliyopanda kichwani", hata pale kipimo kinapoonyesha kwamba malaria haipo.

Kaka yangu, mvuvi wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi ambaye hakuwahi kulazwa maishani mwake, alishikwa na homa kali na maumivu ya kichwa. Siku ya tatu akaanza kusema yasiyoeleweka, mikono ikatetemeka hadi akashindwa kushika kikombe, na miguu ikakakamaa. Kipimo hakikuonyesha vimelea, lakini zahanati ilimpa dozi ya malaria na kumrudisha nyumbani, ambako baadhi ya jamaa walikuwa wamekwisha kuamua kwamba amerogwa. Tulipoteza siku nne.

Hospitalini tulielezwa kwamba virusi vilikuwa vimeshambulia ubongo. Virusi vya namna hiyo ni vingi. Vile vya Nile Magharibi, vilivyotambuliwa mara ya kwanza mwaka 1937 kwa jirani zetu wa Uganda, huenezwa na mbu, na wengi wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote. Ila kwa wachache huingia ubongoni, na vikigusa sehemu za ndani zinazoongoza mwendo, mtu mzima mwenye afya njema hubaki akitetemeka na kuburuta miguu. Virusi hivyo vya Nile Magharibi havina dawa mahsusi. Lakini virusi vya herpesi, ambavyo huleta pia vidonda vya midomoni, vikiingia ubongoni vinatibika kwa asikloviri inayopitishwa kwenye mshipa, mradi ianzishwe mapema, kwa maana bila tiba hufa wagonjwa wapatao 7 kati ya 10.

Nakiri kwamba hata sisi ndugu tulichelewesha. Tulikataa kwa siku nzima asitolewe maji ya uti wa mgongo, kwa kuwa mitaani inaaminika kwamba anayechomwa sindano hapo hupooza, ilhali kipimo hicho ndicho kinachomsaidia daktari kujua kilichomo ubongoni.

Nawaomba waganga wa zahanati zetu wampe rufaa siku hiyo hiyo mgonjwa yeyote mwenye homa anayechanganyikiwa, kutetemeka au kukakamaa bila vimelea vya malaria kuonekana. Kaka yangu amerudi mwaloni kwa mkongojo, na nyavu zake hushonwa na wenzake.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma