Risala ya Chama cha Historia kwa Mgeni wa Heshima

Mgeni wetu wa heshima, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo?

Wakili, karibu sana shuleni kwetu. Muhula huu chama chetu kimelifuatilia jina ambalo kila apitaye barabara kuu ya Naivasha hulisoma kibaoni: Delamere. Tulidhani ni jina la ukoo, kumbe ni la cheo. Ukoo wenyewe ni Cholmondeley, na herufi zote hizo zisikutishe, kwani Waingereza hutamka "Chamli". Katibu wetu alilisoma lilivyoandikwa, na mkutano ukaishia hapo kwa vicheko.

Cheo kilianza mwaka 1821, Thomas Cholmondeley wa Vale Royal, Cheshire, alipofanywa baroni, ngazi ya chini kabisa kati ya tano za malodi, yaani makabaila wa Uingereza. Hati ya mfalme ilikielekeza kwa warithi wa kiume wa uzao wake. Basi shamba laweza kuuzwa, kugawanywa au kuwekwa rehani, lakini cheo hakiuzwi wala hakigawanywi. Binti hata awe kifungua mimba, kinampita tu, kikaenda kwa mdogo wake wa kiume.

Baroni wa 3, Hugh, alikirithi mwaka 1887 akiwa na miaka 17. Miaka kumi baadaye alifika nyanda zetu za juu na msafara wa ngamia akitokea Somalia, na mwaka 1903 serikali ya kikoloni ikampa ekari 100,000 Njoro kwa miaka 99. Kondoo wakafa, ng'ombe wakaugua, ngano ikashikwa na ugonjwa wa kutu. Naye akazidi kukopa kwa dhamana ya ardhi ya Uingereza. Hatimaye Vale Royal ikatoka mikononi mwa ukoo, ila ubaroni haukupungua hata chembe.

Hapa tulibishana sana. Mkataba wa 1904 ulikuwa ukiwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa kuwapisha walowezi. Wao pia walikuwa na malisho ya baba zao, ila hawakuwa na hati ya mfalme.

Hugh alifariki mwaka 1931, akafuatwa na mwanawe Thomas, kisha mwaka 1979 na Hugh mwingine, wa 5. Mwana wa pekee wa huyu wa 5 alifariki mwaka 2016 baba akiwa hai, hivyo zamu ikaruka hadi kwa mjukuu. Katika Bunge la Uingereza, malodi wengi wa kurithi walipoteza viti mwaka 1999. Na Nairobi, Delamere Avenue ni Kenyatta Avenue siku nyingi. Sanamu ya baroni wa 3 iliyosimama pale ilihamishiwa shambani Soysambu.

Mgeni wa heshima, Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika nchini mwaka 1981 haimbagui mtoto wa kike, lakini baadhi yetu tumeona dada zetu wakiambiwa wangoje kuolewa. Tunaomba urudi siku moja utufafanulie sheria hiyo, na wazazi wawepo.

Ombi la pili ni usafiri. Tungependa kwenda Nairobi kusoma nyaraka za mikataba ya Wamaasai ya 1904 na 1911 kwa macho yetu. Basi la shule lina viti 33, nasi tuko 41.

Ahsante.