Kulipa ovadrafti kwa kadi isiyo na riba: hesabu iliyoachwa nje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nichangie ushauri wa msomaji mwenzangu, mkazi wa Uingereza kama mimi, aliyewahimiza Waswahili wa huku wanaoishi ndani ya ovadrafti wachukue kadi ya mkopo isiyotoza riba kwa miezi 12, wahamishie fedha zake kwenye akaunti zao za mshahara, na hivyo waondokane na deni la benki mara moja. Ushauri huo si wa uongo, na mimi mwenyewe niliufuata mwaka 2021. Kasoro yake ni kwamba unaeleza namna ya kulitoa deni kwenye akaunti bila kugusa habari ya kikomo cha ovadrafti, ambacho hubaki wazi kama mlango usio na komeo baada ya deni kutoka. Hapo ndipo nilipoumia.

Kwa wasomaji wa nyumbani, ovadrafti ni ndugu wa Fuliza ya Kenya na Songesha ya Tanzania: salio linaisha, nawe unaruhusiwa kuendelea kutumia fedha zisizo zako hadi kiasi fulani, ndicho kikomo. Tofauti ni kwamba huku imeshonwa ndani ya akaunti ileile inayopokea mshahara, kiasi kwamba mtu anaweza kukaa ndani yake miaka mitatu bila kujihesabu kuwa amekopa. Mshahara unaingia tarehe 28, salio linachungulia juu ya sifuri kwa siku mbili tatu, kodi ya nyumba inakatwa, na ikifika tarehe 5 mtu yumo tena. Halafu kunatangazwa mchango wa harusi au wa msiba katika kundi la ukoo, naye anatuma, na wanaopokea hawajui kwamba fedha hizo ni za benki. Sisemi haya kwa kuwalaumu walioko nyumbani, kwa kuwa ni sisi wenyewe tuliowaficha.

Bei ya deni hili si ndogo. Zamani benki nyingi za Uingereza zilitoza ada ya siku au ya mwezi, na aliyevuka kikomo bila kibali alitozwa zaidi. FCA, mamlaka inayosimamia mwenendo wa taasisi za fedha, ilieleza kwamba mwaka 2016 zaidi ya nusu ya ada za ovadrafti zisizo na kibali zilitoka kwa asilimia 1.5 tu ya wateja. Kuanzia tarehe 6 Aprili 2020 ada za aina hiyo zilipigwa marufuku, na kila benki ikatakiwa kutoza riba moja ya mwaka, isiyokuwa kubwa zaidi kwa aliyevuka bila kibali. Waliokuwa wakiumizwa zaidi walipata nafuu, lakini benki kubwa nyingi zilipanga riba hiyo karibu na asilimia 39.9, na sisi tuliokuwa tukielea ndani ya kikomo kwa ada ndogo ya kila siku tukajikuta tunalipa zaidi kuliko awali.

Sasa nije kwenye hesabu, kwa kuwa mwenzangu aliipitia haraka. Mtu anayedaiwa paundi 1,500 kwa riba hiyo, asiyepunguza chochote, hulipa takriban paundi 42 kila mwezi, na mwaka ukiisha amelipa zaidi ya paundi 500 huku deni likiwa palepale. Akichukua kadi yenye ada ya kuhamisha ya asilimia 4, ada hiyo ni paundi 60, na deni zima linakuwa paundi 1,560. Mwenzangu alilinganisha 500 na 60, akasema faida ni dhahiri. Ulinganisho huo si wa haki, maana mtu mwenye uwezo wa kulipa paundi 130 kila mwezi kwenye kadi angeweza pia kupunguza ovadrafti yenyewe kwa kiasi kinachokaribia hicho. Kama angeipunguza kwa paundi 125 kila mwezi hadi iishe, riba yote ya mwaka ingekuwa kama paundi 277, kwa sababu kadiri deni linavyopungua ndivyo riba yake inavyopungua. Faida halisi ya kadi, kwa hiyo, ni kama paundi 217. Bado ni fedha nzuri, mimi nafanya kazi zamu mbili za usiku kuzipata, ila si paundi 440 alizotuonyesha, na inapatikana tu kwa anayelipa hizo 130 kila mwezi bila kukosa.

Mimi sikulipa 130. Kampuni ya kadi iliniuliza nataka makato ya kila mwezi yawe kiasi gani, na chaguo la kwanza kwenye orodha lilikuwa kiwango cha chini kabisa, kwangu paundi 25, nikalichagua nikijiahidi kuongeza kwa mkono wangu miezi ya neema. Miezi ya neema haikuja. Akaunti yangu ya mshahara, kwa upande wake, ilisomeka sifuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na kikomo cha 1,500 kikabaki kama kilivyokuwa. Programu ya benki kwenye simu yangu haikuandika kwamba nina sifuri. Iliandika kwamba ninazo paundi 1,500 za kutumia. Mwezi wa nne baba yangu mdogo alifariki Tanga, nikakata tiketi. Mwezi wa saba ikaja ada ya shule ya mtoto wa dada. Muda wa kadi ulipoisha nilikuwa nimelipa 25 mara 12, yaani paundi 300, nikabakiwa na 1,260 ambazo sasa zilianza kutozwa riba ya kawaida ya kadi, na kwenye akaunti nilikuwa nimerudi chini ya sifuri kwa paundi 1,100. Nilianza mwaka nikidaiwa 1,500, nikaumaliza nikidaiwa 2,360.

Simlaumu aliyenikopesha. Masharti yote yalikuwa yameandikwa, nami niliyasoma, tena kwa miwani. Nilichokikosa ni hatua ambayo haimo katika masharti ya kadi kwa sababu haiihusu kampuni ya kadi: siku fedha zinapoingia kwenye akaunti, kabla hujanunua hata mkate, ifungue programu ya benki au piga simu, uombe kikomo kishushwe. Benki nyingi hukishusha papo hapo bila swali, lakini kukipandisha tena huhitaji maombi mapya na ukaguzi mpya, na ugumu huo ndio tunaoutaka. Asiyethubutu kukiondoa chote ashushe paundi 100 kila mwezi. Mimi nilifanya hivyo katika awamu ya pili, nikapanga makato ya kadi yawe deni lililobaki kugawanywa kwa miezi iliyobaki na siyo kiwango cha chini, nikamaliza kila kitu mwaka 2023.

Kuna mambo mengine ambayo barua ile iliyachanganya, nami naona ni vizuri yatenganishwe, maana nimekutana na watu wawili hapa Reading walioomba kadi isiyo sahihi. Kadi nyingi zinazotangazwa kuwa na asilimia sifuri ni za kuhamisha deni kutoka kadi moja kwenda kadi nyingine, na hizo hazigusi ovadrafti hata kidogo. Inayotakiwa ni ile inayokubali kupeleka fedha taslimu kwenye akaunti ya benki, kwa Kiingereza «money transfer», na aina hiyo ni chache zaidi, ada yake kwa kawaida ni kubwa kidogo, na muda wake mara nyingi ni mfupi. Tena uhamisho huo lazima uombwe kwa kampuni yenyewe kwa jina lake, ndani ya siku zilizowekwa baada ya kufungua kadi. Kwenda na kadi kwenye mashine ya kutolea fedha, kisha kuzitia fedha hizo kwenye akaunti, ni jambo jingine kabisa: utatozwa ada ya kutoa fedha, na riba kwa kawaida huanza siku ileile. Kukosa rejesho la mwezi mmoja kunaweza kuufuta msamaha wa riba, mbali na faini ambayo kwa kawaida ni paundi 12.

Wala tangazo si ahadi. Sheria ya hapa inataka riba inayotangazwa wapewe angalau asilimia 51 ya wanaokubaliwa, kwa hiyo karibu nusu wanaweza kupewa riba nyingine, na panapoandikwa «hadi miezi 12» mtu anaweza kupewa sita. Tena kikomo cha kadi hakijulikani mpaka ukubaliwe. Wapo waliotaka 1,500 wakapewa 700. Zipo tovuti zinazokadiria nafasi yako ya kukubaliwa bila wakopeshaji wengine kuuona upekuzi huo, na busara ni kuanzia huko, kwa kuwa kila ombi kamili huacha alama kwenye kumbukumbu zako za mikopo, na maombi matano ndani ya mwezi mmoja humfanya mtu aonekane kama anayezama.

Kuhusu kumbukumbu hizo, liko jambo ambalo wengi wetu hatuambiwi tunapofika. Kampuni za Experian, Equifax na TransUnion, ambazo ndizo zinazotunza historia ya mikopo hapa, hutumia daftari la wapiga kura kuthibitisha kwamba mtu anaishi anaposema anaishi. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye kibali halali cha kuishi Uingereza wanaruhusiwa kujiandikisha katika daftari hilo, hata kama hawana pasipoti ya Uingereza. Kwa hiyo Mtanzania, Mkenya, Mganda, na hata Mnyarwanda, ambaye nchi yake ilijiunga mwaka 2009, wanaweza kujiandikisha, ilhali ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawana nafasi hiyo. Nilikaa miaka sita nikidhani kura hainihusu, na kila ombi langu la mkopo likikataliwa nikidhani ni jina langu.

Waislamu wenzangu wataniuliza kama jambo lenyewe linafaa. Ovadrafti inayotozwa asilimia 39.9 ni riba isiyohitaji mjadala, na kutoka humo ni kheri; lakini kadi nayo ina mkataba wenye kifungu cha riba kinachosubiri mwezi wa 13, na ada ya kuhamisha ina maneno yake. Hilo nawaachia wanaolijua, nikikiri tu kwamba mimi nililipima kwa haraka kuliko nilivyopaswa.

Namwomba mwenzangu akubali pia kwamba wapo ambao hawafai kabisa kupewa ushauri huu. Mtu ambaye mshahara wake hautoshi kodi, chakula na usafiri hatapona kwa kubadilisha jina la anayemdai. Benki zinatakiwa na FCA kuwatambua wateja wanaoitegemea ovadrafti mwezi baada ya mwezi na kuwatafutia unafuu, kama vile kupunguziwa riba au kupangiwa malipo. Mara nyingi inatosha kupiga simu na kusema waziwazi kwamba umeelemewa. StepChange, National Debtline na Citizens Advice hutoa ushauri wa madeni bila malipo, na tangu Mei 2021 upo mpango katika England na Wales unaoweza kusimamisha riba nyingi na vitisho vya wadai kwa siku 60 wakati mtu anatafuta njia. Sioni aibu katika hilo. Aibu niliiona katika ule mwaka niliokuwa nikituma mchango kwa mkono mmoja na kuficha barua za benki kwa mkono mwingine.

Wanafunzi nao wana habari yao. Akaunti za wanafunzi katika benki nyingi za hapa zina ovadrafti isiyo na riba, na wazazi walioko nyumbani wakisikia hivyo hufurahi. Mtoto akimaliza chuo, kikomo hicho cha bure hupunguzwa hatua kwa hatua, kwa kawaida ndani ya miaka miwili au mitatu, na kinachobaki hutozwa kama ovadrafti ya mtu mzima. Mpwa wangu alikuwa akidaiwa paundi 1,000 za namna hiyo. Kwake hakukuwa na haja ya kadi yoyote mpaka msamaha wake uishe. Alichohitaji ni kujua tarehe, na tarehe hiyo ilikuwa ndani ya barua aliyoitupa.

Tangu nimalize, kikomo changu ni paundi 100. Nimekiacha hapo kwa sababu bili ya umeme hukatwa tarehe 26, siku mbili kabla ya mshahara, nami nimeiandikia kampuni nikiomba tarehe isogezwe hadi 30. Wakikubali, nitakifuta.

Wako,
Msomaji, Reading, Uingereza