Jiko kubwa mno ndilo linalofuka

Mhariri,

Wanaonunua jiko la kuni katika maeneo ya Uingereza yanayodhibiti moshi, kama London, hutazama tu kama limo kwenye orodha ya majiko yaliyoruhusiwa. Ukubwa husahaulika. Zidisha urefu, upana na kimo cha chumba kwa mita, kisha gawanya kwa 14: utapata makadirio ya kilowati, yaani nguvu ya joto ya jiko linalofaa. Chumba cha mita za ujazo 70 chatosheka na jiko la kilowati 5. Ukifunga la 8, joto litakushinda, utabana hewa, kuni zitafuka badala ya kuwaka, kioo kitakuwa cheusi na lami itaganda dohanini. Unyevu wa kuni usizidi asilimia 20. Pasua gogo upime ndani, si gandani. Faini ya moshi England huanzia pauni 175.

Fundi wa majiko, London