Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mambo ya Kale: mahame ya Pwani yatafutwe kabla ya greda

Ndugu Mkurugenzi,
Idara ya Mambo ya Kale,
Wizara ya Maliasili na Utalii,
Dodoma.

Salaam.

Nakuandikia kutoka Kilwa Masoko. Ng'ambo ya maji yapo magofu ya Kisiwani, ambayo pamoja na yale ya Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, kisha yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya ukarabati mkubwa. Kwa kazi hiyo tunashukuru. Leo lakini nasemea mahali pasipo na ukuta uliosimama: mahame yaliyofukiwa, yasiyo katika daftari lolote la Serikali, ambayo barabara, bomba au shamba kubwa linaweza kuyafuta kabla hatujajua kwamba watu waliishi hapo.

Ombi langu ni kwamba ofisi yako isimamie utengenezaji wa ramani ya ubashiri wa mahame kwa mwambao wote, Tanga hadi Mtwara. Namna yake inafahamika. Huchukuliwa maeneo yanayojulikana, yakaangaliwa yanashirikiana nini: umbali wa maji baridi, aina ya udongo, ghuba iliyokingwa na upepo, ufuko ambao jahazi linaweza kupwelea. Kisha kompyuta hupima ardhi yote kwa vigezo hivyo na kuonyesha penye uwezekano mkubwa. Uholanzi ilitoa ramani ya nchi nzima mwaka 1997. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, ramani ya namna hii ilitengenezwa miaka ya 1990 kwa ajili ya idara ya uchukuzi, ili wapangaji wa barabara wajue mapema pa kukwepa. Natamani wenzetu wa ujenzi walitazame hilo.

Ila ramani hiyo inaweza kutupotosha, na hili ndilo linalonifanya niandike hadharani. Ubashiri haujui zaidi ya ulichofundishwa. Daftari letu la Pwani limejaa misikiti ya mawe, makaburi ya nguzo na nyumba za matumbawe, kwa sababu ndivyo vinavyoonekana kwa macho. Tukiipa kompyuta daftari hilo peke yake, itatuonyesha mawe mengine, nasi tutaamini kuwa penginepo pote ni patupu. Watu wengi wa Pwani hawakuishi katika nyumba za mawe. Waliishi katika nyumba za miti na udongo, na nyumba hiyo ikianguka hubaki vigae, kombe, mavi ya chuma na vipande vya udongo wa kukandikia vilivyoungua.

Ushahidi upo. Kaskazini mwa Pemba, ambako najua si eneo la ofisi yako, wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher waliifanyia utafiti Tumbe, makazi ya karne ya 7 hadi ya 10 yaliyoenea hekta zaidi ya 20, bila majumba ya mawe. Hapa kwetu Songo Mnara, Fleisher na mwanaakiolojia mwenzake Stephanie Wynne-Jones walipima kwa magnetomita, chombo kinachopima usumaku wa ardhi bila kuchimba, viwanja vilivyodhaniwa kuwa vitupu katikati ya mji, na uchimbaji ukaonyesha kuwa palikuwa na nyumba za udongo. Ikiwa ndani ya mji maarufu kiasi hicho tulikuwa hatuzioni, hali ikoje kule vichakani Lindi?

Kwa hiyo vishimo vya majaribio vichimbwe kwanza, kwa mistari iliyochaguliwa kwa kura, hata pale ambapo kila mtaalamu anasema hapana kitu. Kishimo kisichotoa kigae nacho kiandikwe, maana bila hicho ramani haina cha kujisahihishia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia tangu mwaka 1985. Vijana wa kuifanya kazi hii wapo. Delta ya Rufiji itahitaji uangalifu wa peke yake, kwa sababu mto umehama na kumwaga tope karne nyingi. Huko ufuko wa leo si ufuko wa zamani, na kishimo kifupi hakitafika chini ya tope.

Waulizwe pia wachimba visima, wavuvi na wakulima. Wao hujua jembe linapogonga vigae, na wanajua mibuyu mikubwa iliyosimama pamoja mahali ambapo leo hapana kijiji. Mahali pa mizimu paingiwe kwa idhini ya wenyewe.

Ramani yenye alama kamili isiwekwe hadharani. Unajua jinsi watu wanavyochimba usiku wakitafuta rupia za Mjerumani; ramani ya mahame mikononi mwao ni hasara tupu. Wananchi wapewe ya jumla, na ile ya kina ikae kwako, kwa halmashauri na kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira.

Mwisho, iwe na meno. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inamtaka aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa, lakini dereva wa greda hawezi kutoa taarifa ya kigae asichokijua. Mradi wowote ukiangukia eneo lenye uwezekano mkubwa, vishimo vichimbwe kwa gharama ya mwenye mradi kabla ya cheti cha mazingira kutolewa. Naomba kazi ianzie kati ya Kilwa na Likong'o, Lindi, ambako mtambo wa gesi umepangwa kwa miaka mingi na ardhi bado haijaguswa na mitambo. Nafasi hiyo hatutaipata mara ya pili.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Kilwa Masoko

Nakala: Wakurugenzi wa Halmashauri za Kilwa na Lindi