Mama, usikose usingizi kwa ajili ya Mayahudi wangu

Chicago, Januari

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Mie mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku haina adabu.

Dada kaniambia tangu mjomba akupe habari kwamba mwanao anaingia "kanisa la Mayahudi" kila Ijumaa, hulali vizuri. Kwenye simu hatutamaliza, maana mjomba hudakia maneno kabla sijayamaliza. Bora nikuandikie, dada akusomee, na mjomba akae mbali.

Kwanza si kanisa, ni sinagogi. Pili, kinachonipeleka ni kazi. Bibi ninayemtunza anakaribia miaka tisini, miguu imegoma, lakini Ijumaa jioni hakuna wa kumzuia nyumbani. Namvalisha, namfunga skafu, namtia garini na kiti chake cha magurudumu. Siwezi kumwacha mlangoni kama mzigo, basi nami naingia.

Na mtaa wenyewe ungeuona ungecheka. Hii barabara ya Devon ina nyama halali ya Mpakistani, ukisogea mbele unakuta mikate ya Kiyahudi. Kipande kimoja cha barabara kimepewa jina la Gandhi wa India, kingine la Jinnah, muasisi wa Pakistan, kingine la Golda Meir, aliyekuwa waziri mkuu wa Israeli, na basi linapita kwa wote watatu kwa nauli moja. Hilo mwambie mjomba.

Pale sinagogi unaanza kukutana na mlinzi. Tarehe 27 Oktoba 2018, mji wa Pittsburgh, mtu mwenye bunduki aliingia sinagogi Jumamosi asubuhi akaua watu 11, wengi wao wazee. Tangu hapo Mayahudi wa nchi hii wanasali kwa kuangalia mlango. Lakini hatua mbili nyuma ya mlinzi anasimama mtu mwingine ambaye kazi yake ni kukaribisha tu, na huyo amefundishwa asichoruhusiwa kuuliza. Haulizi "wewe ni Myahudi?" wala "asili yako wapi?" Anauliza jina, na kama unahitaji kitabu cha maandishi makubwa. Wana sababu. Humu kuna Mayahudi weusi, kuna waliolelewa na Mayahudi lakini wamezaliwa Korea au China, kuna walioolewa na Wakristo, kuna akina mama wawili wanaolea mapacha. Wote walichoka kujieleza kila wanapokuja kusali.

Sikusifii kila kitu. Siku za mwanzo, wakati wa kula baada ya sala, mzee mmoja alinikabidhi sahani yake chafu nikaoshe, akaendelea na mazungumzo yake. Mama mmoja mweusi, Myahudi wa kuzaliwa, aliniona nimeduwaa nayo mkononi. Akaniambia, "Hata mie nimeshapewa, na baba yangu alikuwa mweka hazina hapa." Jambo hilo lilifika kwenye kamati na likazungumzwa. Ndipo nikaelewa kwamba ukarimu wa watu hawa hawauachii moyo wa mtu peke yake. Wanaupangia zamu, wanaufanyia vikao, wanautengea fedha. Sisi Tanga tunasema karibu kwa mdomo mtamu, lakini msikiti wetu una ngazi tisa na babu amesalia nyumbani tangu apate kiharusi.

Jukwaa la kusomea Taurati hapa lina njia ya mteremko, na meza yake inashushwa. Wakati wa kusimama rabi, yaani kiongozi wao wa dini, husema asimame anayeweza, kwa mwili au kwa roho. Kuna wimbo wa kuipokea Sabato, na ubeti wa mwisho wote hugeuka kuutazama mlango, kama wanampokea bibi harusi. Nami hukigeuza kiti cha bibi, naye huinamisha kichwa kushoto na kulia akiimba.

Lakini siku nitakayoisimulia mpaka nizeeke ni ya mtoto mmoja wa miaka 13. Kwao umri huo mtoto hupanda kusoma Taurati mbele ya watu. Huyu hasemi hata neno. Ana kifaa mithili ya simu kubwa, akibonyeza kinatoa sauti. Kaka yake alirekodi aya za Kiebrania, moja moja. Jumamosi hiyo waliishusha meza, gombo likafunguliwa, la ngozi, lililoandikwa kwa mkono, na baba yake akamshikia kile kijiti cha fedha chenye umbo la kidole wanachofuatia mistari, maana ngozi haiguswi kwa mkono. Mtoto akabonyeza, aya ikasomeka. Akasita. Mikono yake haimtii, Mama, kidole kinazunguka hewani kabla hakijatua. Hakuna aliyekohoa, wala aliyemsaidia. Alipotua aya ya mwisho wakaitika kwa kelele, kisha wakamrushia peremende kama desturi yao ilivyo, na moja ikampiga rabi kwenye miwani. Mtoto alicheka mpaka akapaliwa.

Ndiyo, rabi ni mwanamke. Najua umeshika kichwa. Huku wa kwanza alikuwa Sally Priesand mwaka 1972, na kabla yake Ujerumani kulikuwa na Regina Jonas, 1935, ambaye Wanazi walimuua Auschwitz. Si masinagogi yote yanakubali. Majirani zetu wa mtaa wa pili wanaume wakaa kwao na wanawake kwao, na Sabato hawapandi gari kabisa.

Swala zangu ziko salama. Majira haya jua linazama saa kumi na kitu jioni, Magharibi inanikuta sinagogi. Rabi mwenyewe aliniuliza nasali wapi, akanipa ufunguo wa chumba cha vitabu. Wao wanaelekea mashariki, mie kutokea hapa Makka iko kaskazini-mashariki, kwa hiyo natandika mswala pembeni ya kabati. Chakula chao hakina nguruwe. Mie hula samaki na zile tambi zao zilizookwa na mayai. Divai sigusi, wanaweka na maji ya zabibu.

Na dini yao hawaigawi ovyo. Anayetaka kuingia husomeshwa kwa muda mrefu, ahojiwe na watu watatu, azame majini, na desturi yao ya zamani ni rabi kumrudisha mwombaji mara tatu kwanza. Wakati mwingine huimba zaburi kwa sauti za Waabayudaya, wale Waganda wa karibu na Mbale walioanza Uyahudi na Semei Kakungulu mwaka 1919, na Idi Amin akawapiga marufuku. Nikisikia vile wanavyoitikiana nasahau niko Chicago.

Habari ya Gaza, ambayo najua mjomba ndiyo anayoitaka. Hawana kauli moja. Wameshagombana mbele yangu hadi mmoja akatoka na koti mkononi. Mie nimesema ninalolisema, kwa sauti ya chini, na bibi hakukubaliana nami, na kesho yake nilimwogesha kama kawaida.

Wiki ile ya upasuaji wa jicho lako, rabi aliuliza nani ana mgonjwa. Huwa wanamwombea mgonjwa kwa jina lake na la mama yake, kama wazee wetu wa falaki. Bibi akainua mkono, akakutaja, akasema uko Tanga, kisha akanigeukia, "Mama yake nani?" Nikamtaja marehemu bibi yetu wa Chumbageni. Wote wakaitikia amina.

Pesa ya dawa ya matone nimemtumia dada, akupe risiti. Kuna mtu anakuja mwezi ujao, mpe kanga doti mbili, moja ya bibi. Tafadhali chagua isiyo na mafumbo, maana ataniuliza maana yake mbele ya rabi.

Mwanao akupendaye